Nusu Kilo Inatosha

Hilda: Haloo. Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Ursula: Ni mimi, dada. Ursula.

Hilda: Ursula yupi?

Ursula: Una Ursula wangapi wewe? Mdogo wako wa Kamunyonge. Hii laini mpya, ukisajili wanakupa dakika za bure. Shikamoo.

Hilda: Marahaba. Sasa hizo laini si zimefika nne? Utazitundika masikioni kama hereni.

Ursula: Tano. Ila moja ni ya kupokelea tu. Habari za huko Bunda, Manyamanyama?

Hilda: Tupo.

Ursula: Mbona unaongea kwa chini hivyo?

Hilda: Niko nyuma ya jiko. Huku ndiyo mtandao unashika kidogo. Za Musoma?

Ursula: Salama. Niko ndani ya ile supamaketi mpya. Leo mwisho wa mwezi, umesahau? Nimesubiri unibipu toka asubuhi mpaka nikasema huyu kalala. Sokoni umeshapita?

Hilda: Sijapita.

Ursula: Hujapita? Wewe?

Hilda: Nitapita kesho. Nitajie za huko kwanza.

(Mtandao unakwaruza.)

Ursula: Haya. Sukari hapa elfu tatu kasoro shilingi moja. Na hiyo shilingi yenyewe hujawahi kuiona. Chenji ikiwa hamsini wanakupa pipi. Nina pipi za kufungulia duka.

Hilda: Kwa Said hapa mtaani juzi ilikuwa elfu mbili mia nane.

Ursula: Basi sukari nunua wewe, ya kwangu kilo tano kama siku zote. Mafuta nachukua mimi. Dumu la lita tano liko ofa, elfu ishirini na nne. Piga hesabu, lita inaangukia elfu nne mia nane, wakati ukichukua lita moja moja ni elfu sita. Nakuchukulia dumu, jioni nampa kondakta wa gari la Bunda.

Hilda: Nichukulie nusu lita.

Ursula: Inakwaruza. Umesema lita ngapi?

Hilda: Nusu.

Ursula: Dada, nusu lita ni elfu tatu na mia tano. Wewe ndiye ulikuwaga unasema mnunua chupa ndogo amenunua chupa, mafuta amepewa ya kuonja.

Hilda: Najua nilichokuwa nasema.

Ursula: Unga je? Kuna mfuko wa kilo ishirini na tano—

Hilda: Kilo mbili.

Ursula: Mbili.

Hilda: Mchele nusu kilo inatosha. Na sabuni kipande, siyo mche.

Ursula: Haya. (Anakohoa.) Maziwa ya kopo, yale anayo—

Hilda: Maziwa acha.

Ursula: Yako ofa, ukinunua—

Hilda: Nimesema acha, Ursula.

Ursula: Haya, nimeacha. Eeh, kabla sijasahau. Kesho ukipita sokoni niulizie mchele. Huku wameupandisha, halafu una vijiwe, unatafuna kama unakula barabara. Ule wa kwenu mzuri.

Hilda: Kilo ngapi?

Ursula: Gunia.

Hilda: Gunia zima?

Ursula: Au mbili. Ukichukua gunia mbili si wanapunguza? Na yule Mwanaupe wa pale stendi, bado anakodishaga yale masufuria makubwa? Huku wanakodisha kwa bei ya kuuzia.

Hilda: Una shughuli gani?

Ursula: Kidogo tu. Wageni.

Hilda: Wageni wa gunia mbili.

Ursula: Tutaongea, dada. Siyo ya kwenye simu.

Hilda: Hata mimi langu halikuwa la kwenye simu. Nilisema nitakuja huko Musoma nikae chini, nikuambie taratibu, maana nakujua. Nilisema huyu akisikia ghafla ataanguka barabarani. Tangu Jumapili nakutafutia maneno.

Ursula: Maneno gani?

Hilda: Rebeka anaondoka leo.

(Nyuma ya Ursula spika ya dukani inatangaza ofa ya ndoo.)

Ursula: Mm.

Hilda: Unanisikia?

Ursula: Nakusikia.

Hilda: Mjukuu wangu anaondoka. Baba yake amekuja. Yule Alfonce wa Ukerewe. Kumbe alikwenda Butiama kwa kaka Enos, akamtolea marehemu Debora mahari. Mwanangu yuko kaburini anatolewa ng'ombe. Kaka akazipokea, wazee wakala, wakanawa mikono. Mimi naambiwa juu juu tu na Enos, kwa simu, kama unavyoambiwa umeme utakatika. Ng'ombe zimeingia, mtoto ni wa baba yake.

Ursula: Pole, dada.

Hilda: Miaka saba yule bwana hakujua hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Na wala si mtu mbaya. Angekuwa mlevi ningempigia kelele mtaa mzima utoke. Amekuja na mke wake, mwanamke mtaratibu, ameniamkia kwa kupiga goti. Wako humo ndani sasa hivi, anamvalisha Rebeka. Gari la kukodi linakuja, wakimbilie kivuko cha Kisorya.

Ursula: Sasa wewe kwa nini uko nyuma ya jiko?

Hilda: Nimemwambia bibi anakwenda sokoni.

Ursula: Jamani, dada.

Hilda: Sasa ningefanyaje? Akiniona nimesimama mlangoni hapandi lile gari. Anajua anakwenda kumsalimia baba. Nimembusu, nimechukua kikapu, nimezunguka, nimekaa hapa kwenye kuni. Akaniambia, bibi, usinunue kwa Said kabla hujauliza kwingine.

(Kuni zinaanguka.)

Hilda: Mimi ndiye nimemfundisha.

Ursula: Kwani ustawi wa jamii hukwenda?

Hilda: Nilikwenda. Wameniambia kwa upole, baba ni baba, mama, utamwona likizo. Na mila nayo nitaishtaki wapi? Mimi mwenyewe sikuolewa. Debora nilimzaa nyumbani kwa kaka, kwa hiyo hata yeye alikuwa wa kaka. Ng'ombe zake za kaka. Mimi nilikuwa mlezi tu, mpaka leo.

Ursula: Usiseme hivyo.

Hilda: Unakumbuka Debora alipotutoka, mtoto ana wiki mbili? Kopo moja la maziwa linaisha siku nne. Ukawa unazunguka Musoma nzima kwa miguu, unaniandikia meseji: hapa wameshusha elfu moja, pale wameshusha elfu mbili, usinunue huko Bunda, subiri. Si ndipo tulipoanzia haya mambo ya kuulizana bei? Kabla ya hapo mimi na wewe tulikuwa tunapigiana simu kwenye msiba tu.

Ursula: Nakumbuka.

Hilda: Mm.

(Mtandao unakwaruza.)

Hilda: Mbona hulii?

Ursula: Niko mbele za watu.

Hilda: Wewe ulilia benki, mbele ya mlinzi mwenye bunduki, kisa paka wa jirani kagongwa na pikipiki.

Ursula: Yule paka nilimzoea.

Hilda: Na Rebeka?

Ursula: Dada, unajua—

Hilda: Hukuuliza hata nusu lita ya nini. Kilo mbili za unga hukuuliza. Nimekataa maziwa ya ofa, ukahamia kwenye mchele.

Ursula: Nilijua unabana matumizi.

Hilda: Hizo gunia mbili ni za nini?

Ursula: Nimeshasema, wageni.

Hilda: Ursula.

Ursula: Magige anaoa.

Hilda: Magige mwanao.

Ursula: Ndiyo.

Hilda: Magige anaendesha pikipiki ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa mwenye nayo. Mwezi wa pili alikuja hapa, soli ya kiatu imefungwa kwa waya. Anaoa kwa ng'ombe za nani?

Ursula: Mtandao unakata, nakupoteza—

Hilda: Mtandao umeshika vizuri kuliko mwaka mzima. Ng'ombe za nani?

Ursula: Kaka alisema zikikaa pale Butiama zitakufa na kiangazi. Akasema heri zifanye kazi ndani ya ukoo.

Hilda: Ni zile zile.

Ursula: Dada, nisikilize.

Hilda: Nasikiliza.

Ursula: Yule binti ameshamzalia Magige mtoto. Wewe unajua, yule wa miezi minane. Ukweni wakasema kama hakuna ng'ombe, binti anarudi kwao, na mtoto ni wa kwao. Walishakuja mara mbili. Mara ya pili walikuja na shuka la kumbebea. Nimemlea yule mtoto, analala kifuani kwangu. Ningempoteza mju—

Hilda: Malizia.

Ursula: Nimemaliza.

Hilda: Ulijua lini?

Ursula: Kabla kaka hajapokea.

Hilda: Kabla.

Ursula: Alinipigia. Akasema kuna mtu wa Ukerewe amekuja na jambo lake, na wewe una shida yako, unasemaje. Nikamwambia apokee.

Hilda: Mimi hakunipigia.

Ursula: Alisema mwanamke akiulizwa habari ya mjukuu hatatoa jibu.

Hilda: Wewe akakuuliza. Wewe ni mwanamume? Tunazunguka maduka matano kwa ajili ya shilingi mia mbili, Ursula. Mche wa sabuni tunaugeuza, tunaunusa, tunaurudisha, tunasema ngoja kwanza niulize Bunda. Nyanya tu, nyanya, huwezi kununua kabla hujanipigia. Hili hukuona simu?

Ursula: Nilijua utakataa.

Hilda: Ningekataa.

Ursula: Ndiyo maana.

Hilda: Sawa.

Ursula: Nitukane basi. Dada, nitukane, nitakaa kimya.

Hilda: Sina nguvu ya kukutukana. Na huyo mtoto wa miezi minane ningekuambia umtoe? Nishike lipi? Hata hasira umeninyang'anya.

Ursula: Huo mchele usiuulize. Nitanunua hapa hapa na vijiwe vyake.

Hilda: Utanunua unapotaka. Na hiyo nusu lita irudishe. Kuanzia leo kila mtu anunue kwao.

Ursula: Usiseme hivyo, dada. Mwisho wa mwezi nitampigia nani?

Hilda: Nyamaza kidogo.

Ursula: Nini?

Hilda: Nyamaza. Gari.

(Honi mbali, mara mbili. Mbwa anabweka.)

Ursula: Ndiyo wao? Basi nenda, dada, toka ukamwone hata kwa mbali, mimi nakata—

Hilda: Usikate.

Ursula: Sikati.

Hilda: Ukikata nitamsikia. Ongea.

Ursula: Niongee nini?

Hilda: Chochote. Hapo ulipo umesimama kwenye nini?

Ursula: Chumvi.

Hilda: Nisomee.

Ursula: Dada—

Hilda: Nisomee bei, Ursula. Kwa sauti.

Ursula: Chumvi nusu kilo, mia tano. Ya kilo, mia tisa. Ukichukua ya kilo unaokoa mia. Majani ya chai, pakiti kubwa, elfu tatu na mia mbili. Ile ndogo elfu moja. Ndogo nne zinazidi pakiti kubwa moja kwa mia nane.

Hilda: Endelea.

Ursula: Tambi. Tambi elfu moja na mia tano. Mchele wa pakiti—

Hilda: Mchele ruka.

Ursula: Nimeruka. Maharage ya kopo, haya ya wazungu, elfu tatu. Nani ananunua maharage elfu tatu. Watu wananiangalia, dada.

Hilda: Waache wakuangalie. Ongeza sauti. Ananiita.

Ursula: Anakuita?

Hilda: Yule mama anamwambia bibi bado yuko sokoni. Soma.

Ursula: Kiberiti, boksi kumi, elfu moja. Mishumaa, sita, elfu mbili. Dagaa wa kukaanga wa pakiti, elfu nne, na ukiwaangalia ni wale wale wa mwaloni kwetu, pale ziwani, wamevalishwa tu. (Analia.) Dada, dakika zinaniishia, wameniletea meseji.

Hilda: Zikiisha zimeisha. Soma.

Ursula: Sabuni ya unga. Ya kilo, elfu nne na mia tano. Nimesikia mlango, ni mlango wa gari huo?

Hilda: Na ile ndogo?

Ursula: Hilda, dada yangu—

Hilda: Ile ndogo shilingi ngapi?

Ursula: Ile ndogo elfu—

(Simu inakatika.)