Mate ya Baraka na Katuni za Mjukuu Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Hebu asifiwe tena, kwa sauti ya watu waliokunywa chai!

Mimi shule niliishia darasa la pili. Zamani kule mlimani, bibi yangu alikuwa anamenya ndizi huku anatupa hadithi za Yusufu na Danieli. Moshi unatutoa machozi, lakini hatutoki! Akimaliza anakutemea mate kidogo utosini, ptu, ptu, baraka hizo. Ndugu zangu, ule ubaridi mpaka leo nausikia!

Sasa naishi kwa mwanangu hapa Sekei. Mjukuu wangu Upendo, miaka minne, kila asubuhi kabla ya chekechea ananiletea kichwa, namtemea baraka. Siku moja akapiga yowe: "Mama! Bibi ananiroga!" Mbio, nyuma ya friji.

Nililia mimi! Wiki nzima hataki uji wangu, hataki hata nimfunge viatu. Nikamwambia mkwe wangu, "Mama Upendo, nirudishe tu kwenye migomba yangu."

Kumbe ni katuni! Mle kwenye tivii kuna bibi kizee, fimbo kama yangu, kilemba kama changu. Akimtemea mtoto mate, mtoto anakuwa chura! Na aliyekuwa anamwashia ni mimi, halafu naenda zangu jikoni.

Nikaomba, ndugu zangu, nikaomba! Mkwe wangu akasema, "Mama, kuna katuni za Biblia, tena za Kiswahili. Ila safari hii tunaziangalia sisi kwanza." Tukazichambua kama maharage. Hii kelele tupu, toa. Hii kutishia watoto moto wa jehanamu tu, toa. Ikaja ya mzee Yakobo, macho hayaoni vizuri, anawawekea wajukuu mikono kichwani. Nikasema, "Hiyo hiyo! Mwite mtoto."

Akaja, akakaa mbali na mimi.

"Bibi, huyo babu anawafanyaje?"

"Anawabariki."

"Watakuwa chura?"

"Watakuwa watu wakubwa!"

Akasogea. Akasogea tena, mpaka goti langu likapata joto. Akainamisha kichwa.

"Nitemee. Ila kidogo."

Haleluya! Yesu alinirudishia mjukuu wangu! Wewe mwenye watoto, usiiachie tivii ikulelee. Chagua, kaa nao, na yaliyobaki mwamini Bwana, hakuangushi.

Upendo ni yule pale kwenye kwaya ya watoto, mwenye utosi unaong'aa. Msidhani ni mafuta. Ni mimi huyo, asubuhi!