Mwalimu Mutua na Mstari wa Njano

Jumamosi, tarehe 27 Juni 2026, Mwalimu Benedict Mutua anastaafu baada ya miaka kumi na minne ya kuwafundisha wazee wanaoanza kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, katika klabu yetu hapa St Marys, ughaibuni. Kabatini mwake mna kombe moja, la mshindi wa pili. Mwaka huo walishindana wawili.

Wanafunzi wake ni wastaafu wa Kenya na Kongo, walioletwa na watoto waliochoka kuwaona wakikodolea macho televisheni. Mwalimu huwahutubia habari za usalama hadi chai ipoe, na mmoja akisinzia, huanza upya. Hata hivyo, ndiye pekee aliyelitaka darasa hilo. Sisi wanaklabu wengine tulipoombwa tulikuwa na udhuru.

Wazee wetu wana adabu, na adabu nusura ilifunge darasa. Mwaka juzi Mzee Ishmael alikuwa amelenga, mke wa mchungaji akaingia. Mzee akageuka kumwamkia, bunduki mkononi. Hakuna aliyeumia, ila kamati nzima ya klabu, iliyokuwa ikitazama, ilijitupa sakafuni, mwenyekiti akiwatangulia wote. Ilipoinuka ikatoa onyo: kosa jingine kama hilo, darasa basi.

Mutua alichora mstari wa njano nyuma ya wafyatuaji. Weka bunduki chini, rudi nyuma ya mstari, ndipo usalimie. Tangu hapo kila anayechelewa husimamisha shughuli yote, na wetu hawakosi kuchelewa. Kuna siku darasa lilisalimiana asubuhi nzima, shabaha zikarudi kabatini bila tundu. Lakini hofu yake ilibaki ileile: akiondoka watasahau, na darasa litakufa.

Jumamosi iliyopita alichelewa yeye. Akaingia kwa bashasha, akauvuka mstari wake mwenyewe na kunyoosha mkono. Hakuna aliyegeuka. Alisimama mkono hewani kama mtu anayesimamisha basi lililojaa. Mama Katungu, aliyekimbia bunduki huko kwao Kongo na kuchukua miezi mingi kukubali kuigusa hii, alisema bila kuondoa jicho kwenye shabaha:

“Mwalimu, salamu iko nyuma ya mustari, vile ulitufundishaka.”

Wakaweka bunduki chini, wakarudi nyuma, wakampa mkono mmoja mmoja. Mwalimu alitafuta kosa la kukemea, akalikosa. Alilia, na sote tulimwona.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea magoti yasiyouma na wageni wasiokauka mlangoni. Ukija kututembelea, karibu sana. Subiri nyuma ya mstari.