Mama wa Kwenye Chupa

Baba Mchungaji, mshili, kiongozi wa ukoo wa Sumari, na wazee wenzako, shemeji yetu Manase, watoto, wafanyabiashara wa soko la Tengeru, na ninyi nyote mliosimama hadi kule kwenye migomba, familia imemtuma Meshack, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, Susana Sadoki, naye anawaomba radhi wenye haraka, maana walikuwapo waliotaka historia hii iwe fupi, hasa ikifika kwenye ugonjwa, ila marehemu mwenyewe aliagiza pasikatwe kitu, na mumewe, alipoulizwa jana mbele ya ukoo mzima, alijibu neno moja tu, kwamba isomwe.

Susana alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kijiji cha Ndoombo, Meru, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Sadoki na Mama Elinipa, akabatizwa mwaka huohuo, akakulia kwenye kihamba cha kahawa na ndizi, ambako alijifunza mapema kuamka kabla ya kuku na kutomwogopa mtu yeyote aliyemzidi urefu. Alianza shule mwaka 1959, akawa miongoni mwa wasichana wachache waliovuka mtihani wa darasa la nne, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na angeendelea kama si baba yetu kuona kwamba ada iliyopo ni ya mtoto mmoja, na mmoja huyo awe mvulana, jambo ambalo Susana alimsamehe baba, lakini mvulana mwenyewe, ambaye ndiye huyu anayesoma, alikumbushwa kila alipokosea hesabu.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuchambua mbegu za maharage katika shamba moja karibu na Usa River, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1985, na wenzake waliokaa naye kwenye meza zile, ambao baadhi yao wapo hapa, wanajua kwamba punje mbovu haikupita mbele ya macho yake, wala msimamizi aliyependa kuwasemesha wanawake ovyo hakupita salama.

Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa takatifu na Bwana Manase Sumari, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi katika duka la dawa mjini Arusha, kijana mpole, nadhifu, aliyejua kuchanganya maji ya tumbo ya watoto na dawa ya kikohozi bila kumwaga hata tone, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ephraimu mwaka 1974, Nice mwaka 1977 na Derick mwaka 1982. Walipendana, na hilo lisemwe wazi sasa, kabla hatujafika kwenye mengine, ili asiwepo wa kutoka hapa akisema Meshack alisimama kumshtaki shemeji yake.

Mnakumbuka ile miaka ya mwanzo wa themanini, duka la dawa lina rafu na vumbi, mgonjwa anaandikiwa dawa na anaambiwa akaitafute mwenyewe, kisha milango ya biashara ikafunguliwa, vitu vikaingia, mitumba ikaingia, kila mwenye akili akatafuta cha kuuza, na Manase, mwezi Juni 1989, akafungua duka lake la dawa baridi pale Tengeru, likiwa na vidonge vya kichwa, mafuta ya kuchua, bandeji, na, kuanzia mwaka uliofuata, chupa yake mwenyewe aliyoiita Afya ya Mlima. Ndani yake kulikuwa na magome aliyoyachemsha, tangawizi, asali, sukari iliyounguzwa ili ipate rangi, na pombe kali ya kutosha kuipasha damu moto, kiasi kwamba wazee wetu wa kanisa, ambao hawajawahi kuonja kileo, walikunywa vijiko vyao viwili kila jioni kwa utii mkubwa na kulala wakishukuru.

Chupa ilihitaji sura, Manase akamtazama mkewe, mwanamke mwenye mashavu na mabega, akampeleka studio mjini akiwa amevaa kitenge cha njano na uso umepakwa mafuta ukang'aa, picha ikachapwa kwenye karatasi ya chupa, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba mama huyu alikuwa hajiwezi na sasa mtazame. Ukweli ni kwamba Susana hajawahi kuwa hajiwezi, wala kabla ya picha ile hakuwa ameonja hata kijiko, lakini alicheka, akaona ni biashara kama biashara nyingine, na gari la kipaza sauti likapita Tengeru, Usa River hadi Lemara likitangaza kwamba Afya ya Mlima inaondoa maumivu ya mgongo, kiuno, gesi, presha, woga, na uvimbe wa aina yoyote. Watoto wa shule walianza kumwita Mama wa Kwenye Chupa, naye akiitikia, na biashara ikasomesha watoto, ikaezeka nyumba hii mnayoiona, ikaleta hadi barua za shukrani kutoka Babati, mpaka Manase, aliyeijua sukari ile kwa sababu aliiunguza mwenyewe, akaanza polepole kuamini alichokiandika.

Sasa tumefika pale. Mwezi Aprili 1995, akioga, Susana alishika uvimbe mgumu kwenye titi lake la kushoto, na neno titi limesomwa hapa mbele ya Baba Mchungaji kwa sababu marehemu alisema likiachwa, wanawake waliokuja kumzika hawatajua kinaongelewa nini, watadhani ni kifua au ni kurogwa.

Alimwambia mumewe siku hiyohiyo. Manase aliogopa, na mtu akiogopa hukimbilia anachokijua, akamwambia aanze na Afya ya Mlima, vijiko vitatu badala ya viwili, kisha akaongeza lile lililokuwa moyoni, kwamba akionekana amekaa kwenye benchi la hospitali, yeye mwenye sura ile, soko zima litajua kabla hajaitwa ndani. Waganga wana msemo wao kwamba mganga hajigangi, lakini hapa ilikuwa zaidi, kwa sababu mganga alikuwa amefungwa na tangazo lake, na mkewe ndiye alikuwa tangazo. Susana akakubali, tusimfanye mtoto, alikubali kwa akili yake, akijua ada ya Derick inatoka wapi, akanywa asubuhi na jioni kwa mwaka mzima na zaidi, akifunga kanga kifuani kila siku kwa kukaza kidogo kuliko jana, akiendelea kukaa dukani na kuwapa watu chupa zenye uso wake.

Mwezi Juni 1996, Nice alikuja likizo, akamkuta mama yake chumbani akibadilisha kitambaa, akaona kidonda, wala hakuuliza ruhusa ya mtu, akampeleka hospitali kubwa ya Moshi tarehe 3 Julai, ambako daktari alimpima, kisha akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa ni saratani, umeshafika kwenye mapafu, na kwamba upasuaji ambao mwaka jana ungemsaidia, sasa ungemchosha bure. Susana aliuliza mara moja tu kama ana uhakika na neno mwaka jana. Aliporudi nyumbani hakumgombeza mumewe, na Manase amewahi kutuambia kwamba angefurahi zaidi kama angegombezwa.

Kilichomnyima usingizi dada yetu kuanzia hapo hakikuwa kifo chake, kilikuwa ni Kandida. Wengi mnamfahamu, yule mama wa Lemara anayeuza mitumba ya watoto pale Tengeru, jirani wa duka, ambaye tangu Krismasi alikuwa na uvimbe kama ule, upande uleule, na alikuwa akiutibu kwa Afya ya Mlima kwa sababu aliyemshauri, miezi mingi nyuma, kwa kumwonyesha maandishi ya uvimbe wa aina yoyote, alikuwa ni Susana. Alimwita nyumbani mwezi Agosti, akamwambia aache chupa aende Moshi, Kandida akamtazama pale kitandani kwenye giza la chumba, akadhani ni malaria imemkondesha rafiki yake na kumtia maneno, akasema, "Mama Ephraimu, mimi kila siku nakuona pale kwenye chupa umenawiri, leo unanikataza nisinawiri na mimi?" Kisha akaaga. Susana alimwambia Nice kwamba ameshindwa na mwanamke mmoja tu, naye ni yule wa kwenye picha, kwa hiyo itabidi watu wawaone wote wawili pamoja.

Wakwe zake waliposikia anachotaka kufanya walikaa kikao, wakasema ni aibu, mke wa mtu hatolewi ndani akiwa katika hali ile akaonyeshwe sokoni, na duka likifa watoto watakula nini, na wapo waliosema mengine ambayo hayatasomwa hapa kwa kuwa leo wamechimba kaburi kwa mikono yao. Manase alikaa kikao kizima ameinamisha kichwa, hakukataa wala hakukubali. Siku ya soko, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996, Ephraimu alimbeba mama yake, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya duka, chini ya bango lenye sura yake, akiwa amevaa kile kitenge cha njano ambacho sasa kilimzunguka mara mbili, na baba yake alikuwa ndani nyuma ya kaunta, akiwahudumia watu.

Mwanzoni walipita wakidhani ni mgonjwa anayesubiri dawa. Kisha mama mmoja muuza nyanya akasimama, akatazama bango, akatazama kigoda, akatazama bango tena, akasema taratibu, "Huyu si ndiye yule?" na watu wakaanza kusogea, wengine wakiwa na chupa mkononi, na Kandida akaacha rundo lake la nguo akaja hadi mbele kabisa. Kuna mzee wa Akheri aliyeuliza walichotaka kuuliza wote, akimwelekea Manase kupitia dirisha la duka, "Baba Ephraimu, mama ametumia dawa hii?"

Kila muuza dawa analo jibu la swali hilo, na Manase alikuwa amelitoa miaka sita kwa wateja waliolalamika, kwamba mgonjwa hakumaliza dozi. Susana hakugeuka kumtazama, hakumsaidia, alikaa vilevile mikono magotini. Manase akatoka nyuma ya kaunta hadi nje, akasema, "Ametumia. Mwaka na zaidi, ametumia kuliko mtu yeyote hapa. Haikumsaidia." Akakaa chini, kwenye udongo, kando ya kigoda, na Susana akaweka mkono juu ya kichwa chake. Kandida aliiweka chupa yake kwenye ngazi ya duka, akaondoka bila kuaga, akiwa na hasira ambayo hatumlaumu, na Jumatatu iliyofuata akamfuata Nice, wakapanda gari la Moshi.

Duka halijafunguliwa tangu siku ile, bango limeng'olewa, na mtu aliyekuja wiki iliyofuata akitaka kununua jina na picha, kwa kuwa alisikia mwenyewe yu karibu kufa na hatahitaji, alitolewa na Manase kwa fimbo, mtu ambaye hatujawahi kumwona akipiga hata mbuzi. Anayejua bado ana chupa nyumbani aimwage leo, na anayejua ana uvimbe asisubiri likizo ya binti yake.

Hali ya Susana ilibadilika kuanzia mwanzoni mwa Oktoba, akapumua kwa shida, akaagana na watoto mmoja mmoja, na Jumanne tarehe 22 Oktoba 1996, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake mikononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu, mama yetu Elinipa ambaye hakupaswa kuiona siku hii, na ndugu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi waliomwambia ukweli bila kumdhalilisha, majirani walioleta kuni, ndizi na maziwa bila kuombwa, Baba Mchungaji aliyekuja kumshirikisha meza ya Bwana, wenzake wa mezani kwa maharage, na wafanyabiashara wa Tengeru waliofunga vibanda vyao leo.

Limebaki moja. Kwa desturi yetu, mtu wa karibu asipoonekana kwenye mazishi huulizwa na ukoo, na akina mama wa soko wana faini yao, na tangu asubuhi tumewasikia wakinong'ona kwamba Kandida, aliyekula na kunywa katika nyumba hii, hata msiba hakuukanyaga. Kandida asiulizwe. Hospitali ilimpangia upasuaji leo, Ijumaa tarehe 25 Oktoba, alipofiwa akataka kuahirisha aje kuzika, lakini Susana alikuwa ameliona hilo mbele, akamwagiza Nice amwambie kwamba siku yake ya hospitali ikigongana na kaburi lake, aliache kaburi. Nice amekwenda naye, ndiyo maana mtoto wa marehemu pia hamumwoni hapa, na saa hizi tunaposoma, Kandida yuko mezani kwa madaktari, na matokeo hatuyajui.

Susana, binti Sadoki, pumzika kwa amani, na huyo mmoja uliyemkataza kuja kukuzika, Mungu amrudishe salama.