Fundi wa Makochi na Maharage ya Shule

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, jifanye unafanya kazi, lakini sikio liwe huku. Leo tunamkumbuka fundi wa makochi, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Kochi. Baba Kochi alifariki dunia wiki iliyopita, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa muda mrefu. Tulimzika juzi, na mimi nilikuwepo.

Alikuwa pande la mtu. Akisimama mlangoni mwa karakana yake, ndani kunaingia giza. Akifanya kazi alikuwa anabana misumari kwa midomo, kwa hiyo ukimwuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Kiti ninachokalia hapa studio alikishona yeye. Siku alipokileta alinikalisha, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe, akaniambia nimenenepa tangu aliponipima. Sikumwalika tena hapa kwa muda.

Lakini leo hatumkumbuki kwa makochi. Tunamkumbuka kwa maharage. Narudia, wapendwa: maharage.

Binti yake alikuwa darasa la pili. Mkewe, ambaye sasa ni mjane, ananisimulia kwamba kila akifua sare ya mtoto alikuwa anakuta vitu vigumu mfukoni. Alidhani ni kokoto. Siku moja akavimwaga uani, jogoo akaja mbio, akadonoa kimoja, akakitema. Ndipo akamwita mtoto. Mtoto akasema hayo ni maharage ya shule, hayatafuniki, na mwalimu wa zamu hataki kuona kitu kimebaki kwenye sahani. Basi yeye anayaficha mfukoni. Anakunywa mchuzi, anarudi darasani na njaa yake, na mchana anasinzia juu ya dawati.

Mama wa watu akakumbuka alichoambiwa na mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo: kwamba mtoto ni mvivu, na akiendelea hivyo atarudia darasa. Akaenda karakana kumweleza mumewe. Baba Kochi akatema misumari yote kiganjani.

"Mwanangu si mvivu," akasema. "Ana njaa."

Kesho yake akafunga kazi mapema, akaenda shuleni saa ya chakula. Akapanga foleni na watoto, akapewa sahani, akakaa kwenye benchi lao. Benchi likavunjika. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akala hapo hapo chini, akatafuna, akasimama, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Shule ile ilikuwa na utaratibu, tena utaratibu mzuri. Hakuna mtoto anayepakuliwa chakula kabla mwalimu mkuu hajakionja. Kila siku ya Mungu anaonja. Na mwalimu mkuu yule hakuwa mtu wa hila. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Akamwambia Baba Kochi, maharage nimeyaonja mwenyewe sasa hivi, ni laini kabisa. Baba Kochi akasema na mimi nimeyala sasa hivi, ni mawe. Huyu laini, yule mawe. Kila mmoja akamwona mwenzake mwongo mkubwa. Na wote wawili, wasikilizaji wapendwa, walikuwa wanasema kweli. Shikilieni hapo.

Baba Kochi hakukata tamaa. Alirudi na nyundo akatengeneza lile benchi, akaliwekea na sponji na kitambaa, ikawa watoto wa meza zote wanagombania kulikalia. Alikuwa anakula pale, kisha anakwenda ofisini kubishana. Kamati ya wazazi ikaanza kunong'ona. Wengine walisema ni mlafi tu, amechoka chakula cha mkewe. Mwisho mwalimu mkuu uvumilivu ukamwisha. Akamwambia mbele ya kamati: kama unajua sana, njoo upike wewe. Na Baba Kochi, kwa ubishi wake, akakubali.

"Nilimwambia, baba, wewe hata chai huwa inakushinda," mjane anasema. "Akanijibu kwa nyusi."

Ni mkewe aliyemwambia maharage lazima yaloweshwe tangu jana yake. Baba Kochi akayabeba kutoka stoo ya shule, akayalowesha nyumbani kwenye ndoo. Alfajiri akayafikisha jikoni, amevaa aproni ya mkewe, kamba zake hazifiki nyuma. Mpishi wa shule, mama mmoja mkavu wa maneno, akayatazama yale maharage yaliyofura, akaguna. Akamwambia na yeye angependa kulowesha, ila jioni jiko linafungwa na ufunguo anao mkuu. Paka aliwahi kuzalia ndani ya gunia la unga, na aliyeacha mlango wazi siku hiyo ni yeye mpishi. Tangu hapo hana mdomo wa kuomba ufunguo.

Kisha mpishi akamkabidhi sufuria ndogo. Akasema tunaanza na hii, ya mkuu. Sufuria kubwa haiwahi kuiva kabla ya muda wa kuonja, kwa hiyo hii ndogo inatangulia kwenye moto, alfajiri hii hii. Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayekuonyesha ufagio ulipo, halafu akaenda kuteka maji.

Ilipoiva, Baba Kochi akatia kijiko kimoja cha chumvi kwenye ile sufuria ndogo. Akaonja. Tamu. Na hapo ndipo alipoharibu. Sufuria ile ilikuwa ya mkuu na walimu wote, lakini yeye alisikia "ya mkuu" tu, akajua ni ya mtu mmoja. Alijiambia wakubwa ndivyo wanavyokula. Basi, kijiko kimoja, mtu mmoja. Alipofika kwenye sufuria kubwa akapiga hesabu za fundi: kochi moja kitambaa hiki, makochi mengi zidisha. Akamtilia kila mwanafunzi wa shule ile kijiko chake.

Ulipofika muda wa kuonja, kamati yote ilikuwa ofisini. Mwalimu mkuu akaonja ile sufuria ndogo, akafumba macho. Akasema hajawahi kula maharage ya namna hii hapa shuleni. Kamati ikapiga makofi. Baba Kochi akavimba ndani ya aproni. Ruhusa ikatolewa, watoto wakapakuliwa.

Haikuchukua muda. Kelele zikaanza uani. Watoto wanasukumana bombani, wengine wamening'inia kwenye tangi. Siku ile darasa la pili lilikula chumvi nyingi kuliko babu zao. Mpishi akaingia ofisini na sahani kutoka sufuria kubwa, akaiweka mbele ya mwalimu mkuu. Mkuu akatia kijiko mdomoni, akakiacha humo humo. Kamati ikaanza kumzomea Baba Kochi, mmoja akataka apigwe marufuku kukanyaga shuleni.

Yeye alikuwa anatazama sahani mbili zile. Akasema polepole:

"Mwalimu, mimi nimewakosea watoto leo. Lakini wewe, miaka yote hii, umekuwa unaonja chakula kingine."

Mkewe anasema alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi, akashika tama, hakugusa chakula. Shule nzima ililala na kiu kwa sababu yake. Na bado mtoto wake hajala. Hilo ndilo lililomuuma.

Mimi ningehama mtaa. Kusema kweli kabisa, ningehama. Baba Kochi kesho yake alirudi kwenye foleni, na sahani mkononi. Watoto wakaanza kuimba chumvi, chumvi. Binti yake leo ni mama wa watoto, na ananiambia alitaka kujificha chini ya meza.

"Halafu nikamwona mwalimu mkuu amesimama nyuma ya baba," anasema. "Na yeye ameshika sahani. Uimbaji ukakoma wenyewe."

Wakapakuliwa maharage ya siku zote, kutoka sufuria kubwa. Wakakaa kwenye benchi la sponji, yule mnene na yule mwembamba. Mwalimu mkuu akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akashika taya. Hakubishana tena. Alisimama, akatoa ufunguo wa jiko kwenye kicha cha funguo zake, akatembea mbele ya watoto wote mpaka dirisha la jikoni, akampa mpishi. Akamwomba na radhi. Jioni ile maharage yalilowa kwenye maji. Tangu siku ile mkuu alionja mezani, pamoja na watoto, sufuria ile ile.

Na binti? Binti alikula. Akaacha kusinzia. Hakurudia darasa. Baba yake aliendelea kula pale mara kwa mara, hata baada ya binti kumaliza shule, na hakuna aliyemwuliza kafuata nini.

Juzi mazishini alikuwepo mpishi, siku hizi amestaafu. Nikamwomba neno moja kuhusu marehemu.

"Wazazi wengi walikuja jikoni kwangu kunifokea," akasema. "Huyu alikuja kula."

Nililia, sitawaficha.

Kwa mjane, kwa binti, kwa wajukuu na mafundi wa karakana, sisi hapa redioni tunawapa pole sana. Mungu amlaze mahali pema, na pawe pana, maana alikuwa mtu mkubwa.

Na wewe unayenisikiliza: saa hizi, si mbali na hapo ulipo, kuna watoto wamepanga foleni wanasubiri kupakuliwa. Usipige simu ofisini kuuliza wanakula nini. Nenda ukakae nao.