Wasifu wa Dada Yetu, Mtengeneza Pua

Dada yetu, tuliyemwita Profesa tangu kabla hajajua kusoma, alizaliwa tarehe 9 Mei 1970, mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ni kitinda mimba. Aliniagiza mwenyewe nisome haya, akanionya nisilie kabla ya aya ya tatu.

Akiwa na miaka minane, homa kali ilimwondolea uwezo wa kusikia harufu. Mwaka 1986 mama alimkuta jikoni akijisomea kwa raha zake, gesi imejaa chumba kizima. Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kugusa jiko. Marufuku hiyo ilimuuma kuliko homa yenyewe.

Alisomea kemia hadi shahada ya uzamivu, mwaka 2003, kisha akajitwika kazi moja tu: kutengeneza pua. Alichukua grafini, yaani kaboni nyembamba kupita kiasi, akaipachika chembe za oksidi ya bati, akaioka tanurini, kisha akapima jinsi umeme wake unavyobadilika gesi inapoigusa.

Mwaka 2008 sampuli ya arobaini na moja ilimtia wazimu. Kila saa nne asubuhi kengele aliyoiunganisha nayo ililia bila gesi yoyote. Aliitengeneza upya mara sita, hadi alipong'amua kuwa saa nne ndipo fundi wa vioo huleta mirija.

"Fundi, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, Daktari. Labda manukato."

Maabara nzima ilikuwa inajua. Bwana yule alijipulizia miezi mitatu kwa ajili ya mwanamke asiyesikia harufu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, bwana harusi ameoga kwa maji matupu, kwa amri ya bibi harusi.

Kifaa kilikamilika mwaka 2014. Mama alifungua gesi kidogo, kikalia, akafunga, kikanyamaza. Akarudia mara tano.

"Mh. Tutaona," akasema, na kila alipomtembelea dada akaendelea kupika mwenyewe.

Februari 2025 dada aligunduliwa kuwa na saratani, mama akahamia kwake kumuuguza. Jumapili moja dada aliomba apike chai. Mama alisimama mlangoni, akamtazama sana.

"Haya, mwanangu, jiko lako," akasema, akaenda kuketi sebuleni.

Chai ilizidi sukari. Mama alikunywa vikombe viwili. Dada alifariki siku nne baadaye, tarehe 19 Juni, akiwa bado anajisifu.

Ameacha mama, mume, binti mmoja na ndugu watatu. Tulimpenda mno. Pumzika kwa amani, mpishi wetu.