Mama Pasi, Mwenye Pumzi Ndefu

Dada yetu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, naye alilipenda. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, wa kwanza katika watoto watano. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, na mgongo ulionibeba ulikuwa wake.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hakuendelea, kwa sababu mama yetu aliugua na nyumba ilihitaji mikono.

Mwaka 1978 alianza kupiga pasi kwa dobi mmoja nyuma ya soko, na baadaye akafungua chumba chake: meza ndefu, dirisha moja, pasi tatu za mkaa. Umeme ukikatika, wenzake walifunga milango. Yeye ndipo alipopata wateja. Mkaa uliofifia aliupuliza mara moja tu ukawaka. Watu wakamwambia, "Mama, wewe una mvukuto kifuani."

Mumewe ni fundi saa. Kabla ya posa alileta shati lilelile mara tatu kwa wiki. Dada akamuuliza, "Kaka, hili shati unalivaa, au unalitembeza tu?" Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1984.

Mwaka 2011 alipatikana na saratani ya titi la kushoto. Baada ya upasuaji akapelekwa kwa daktari wa mionzi, nami nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Akauliza, "Daktari, hiyo mionzi inajua kuchagua?"

Daktari hakumficha. "Haijui, mama. Inaua ugonjwa, na nyama nzima iliyo jirani nayo inaguswa. Dozi ikizidi tunaharibu. Ikipungua, ugonjwa unarudi. Ndiyo maana tunaigawa kidogo kidogo kwa siku nyingi, ili nyama nzima ipate nafasi ya kupona."

"Na moyo?"

"Moyo uko jirani, mama. Tutajitahidi kuukwepa."

Dada akafikiri, kisha akasema, "Basi ni kama hariri. Ukikandamiza mara moja, umeunguza. Haya, nipigeni pasi."

Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, ikachubuka, na majirani wakasema amebabuliwa. Ikapona. Akarudi mezani kwake. Akaoza binti, akabeba wajukuu, akaimba kwaya ya akina mama mstari wa mbele. Saratani haikurudi tena.

Mwaka 2022 moyo ukaanza kuchoka. Daktari alisema hawezi kuapa, lakini huenda mionzi ya mashine ile ya zamani iliufikia. Dada akamjibu, "Sikudai kitu. Mlinipa miaka nikaila yote."

Sasa naomba mnisamehe, maana wasifu huwa hausemi haya. Kuna maneno yanazunguka hata hapa msibani. Binti yake, ambaye ameniruhusu niseme, ana ugonjwa uleule, upande uleule. Amefanyiwa upasuaji, na mionzi yake inaanza Jumatatu. Juzi mjomba wetu alisema mbele ya ukoo, "Mmoja ameungua, mnapeleka na wa pili?" Mjomba, nakuheshimu, shikamoo, lakini hapana. Mionzi ilimgusa dada, hatukatai. Saratani ingemmaliza akiwa na miaka hamsini. Leo tunazika mtu wa miaka sitini na mitatu, na hiyo tofauti ninyi nyote mlikula naye.

Siku hizi, daktari alitueleza, mgonjwa wa upande wa kushoto huambiwa avute pumzi na kuishika mionzi inapopita, kifua kijae na moyo usogee mbali. Dada aliposikia hivyo, mtu ambaye hakuweza tena kuvuka chumba bila kuegemea ukuta, alimwita binti yake kitandani.

"Vuta. Shika. Usinitazame mimi, tazama dari. Haya, achia."

Binti akaishiwa, akacheka. "Mama, nitakufa mimi kabla yako."

"Thubutu! Foleni hii ni yangu, usinirukie. Vuta tena."

Walifanya hivyo kila asubuhi baada ya sala, hadi binti akaweza kuishika bila kutikisika. Dada akasema, "Mvukuto nimekuachia. Nenda. Atakayekuzuia, mwambie aje kwangu kwanza."

Alitutoka tarehe 3 Agosti 2024, adhuhuri, binti akiwa amemshika mkono. Kwa kuwa kwake hakuendeki tena, atakayemzuia binti huyu aje kwangu. Jumatatu nitakuwa mlangoni pa chumba cha mionzi, na Mungu atakuwa ndani.

Ameacha mume, binti mmoja, wana wawili, wajukuu sita, wadogo zake wanne, na pasi tatu ambazo bado zinafanya kazi.

Dada, umeshika pumzi vya kutosha. Sasa achia. Upumzike kwa amani ya Bwana.