Mwalimu Mwatumu na Kamba ya Mkonge Iliyolowa

Mwalimu Mwatumu Nasri anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kufundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika shule yetu hii ya wasichana hapa Tanga. Alizaliwa Muheza, akaolewa Makorora, na hajapata kuipita shikamoo ya mtoto bila kuiitikia. Mimi, mwalimu wa historia, nimekaa naye ofisi moja muda wa kutosha kumtania: huchelewa chai, hachelewi kipindi.

Leo utani una mpaka wake, maana anayeondoka ndiye aliyetuokolea darasa. Mwaka 2013 bodi ya shule ilitaka kuifuta fizikia ya kidato cha tano. Wasichana walikuwa wachache na matokeo hayakupendeza. Mwalimu aliomba jambo moja tu: kabla ya kuamua, wajumbe waje wawaone wasichana wakifanya jaribio.

Waya za maabara zilikuwa zimeliwa na kutu, si mnaijua hewa yetu ya chumvi? Wasichana wakachukua kamba nyembamba ya mkonge, ambayo kwetu haikosekani. Ncha moja waliifunga kwenye kifaa cha umeme cha kuitetemesha, ya pili wakaipitisha kwenye kapi na kuning'iniza uzito. Wakatafuta mwendo wa mtetemo ambao kamba inauitikia, wakautia alama ya chaki kwenye kidhibiti cha kifaa, wakaenda zao. Mvua ikanyesha usiku, na dirisha walikuwa wameliacha wazi.

Asubuhi, mbele ya wajumbe, kifaa kiliwekwa kwenye mwendo wenye alama ya chaki. Kamba ikatikisika kidogo tu. Khairiya, msichana aliyekuwa akikiendesha, akaongeza nguvu. Wapi! Mzee Zubeiri, mwenyekiti wa bodi, akaanza kutafuta fimbo yake aondoke.

Mwalimu Mwatumu hakusogea mezani. Alisema taratibu: "Mwanangu, usiikazanie. Kamba imekunywa maji, imekuwa nzito. Punguza mwendo, uifuate."

Khairiya akapunguza kidogo kidogo, mpaka kamba ikafunguka, ikafanya tumbo pana kuliko kiganja. Kisha yeye mwenyewe akawaeleza wajumbe. Msukumo ukienda sambamba na kamba, kila mara huikuta ikielekea kule kule. Nishati huingia na kujilimbikiza, hadi inayoingia ilingane na inayopotea. Ukipishana nayo, huipa kwa mkono huu na kuipokonya kwa mkono ule. Mzee Zubeiri akaketi, akaomba aonyeshwe tena. Mimi nilitokwa na machozi, na sioni haya kulisema.

Bodi haikulifuta darasa. Tangu hapo hakuna mwaka ambao lilikosa wanafunzi, na baadhi yao leo ni wahandisi na wauguzi.

Mwalimu wetu, ahsante. Mungu akujaalie afya, raha ya nyumbani, na chai ya moto kwa wakati wake. Jumatatu mlango wa darasa la fizikia utafunguliwa na mtu mwingine, na sisi tuliokuzoea tutaona uchungu. Lakini utafunguliwa.